Sehemu Zisizo na Sauti

Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango wa mbele, nilikuwa na kazi zangu ndogo ambazo hakuna aliyenituma. Nachovya kijiti cha pamba kwenye spiriti, nafungua kifuniko cha deki ya video, napangusa kichwa chake taratibu kama mtu anayesafisha sikio la mtoto. Kisha nachukua diski zilizorekodiwa jana yake, moja moja, na kuzijaribu kwenye mashine ya DVD iliyo chini ya kaunta. Mwanzo kidogo, katikati kidogo, mwisho kidogo. Diski ikikwama, naitupa kwenye boksi. Ikipita, naifuta kwa kitambaa cha miwani na kuitia kwenye kasha lake. Chai yangu hunisubiri pembeni, nami huinywa ikiwa imeshapoa.

Ijumaa ile chai sikuinywa kabisa.

Diski iliyokuwa juu ya zote ilikuwa yetu wenyewe. Kesho yake Baba alikuwa anaagwa. Alikuwa amestaafu kazi yake ya ufundi bomba katika idara ya maji, na ukoo mzima ungekusanyika nyumbani alasiri, chini ya turubai la kukodi. Kaka yangu ndiye aliyekuja na wazo la zawadi: zile kanda ambazo Baba alizirekodi sisi tukiwa wadogo, enzi za ile kamera kubwa ya kubeba begani, zigeuzwe DVD. Kila nyumba ingepata yake, na kesho picha zingeonyeshwa ukutani kwa projekta, wageni wote wakitazama. Lilikuwa wazo zuri, na mimi nililifurahia kuliko wote. Niliomba kazi ile niifanye mwenyewe. Kaka akasema mimi ni konokono, akaichukua yeye.

Mtaa mzima humwita Chapchap. Mama husema hata siku ya kuzaliwa alimtangulia mkunga. Anakula akiwa amesimama, anaoga kama anafukuzwa, na ubao wa duka lake umeandikwa hivyohivyo: Chapchap Video. Mimi ni mdogo wake wa mwisho, nyumbani wananiita Kitinda, na tangu nimalize chuo ndipo ninapofanya kazi. Chuoni nilisomea mambo hayahaya ya picha na sauti. Kaka hupenda kuwaambia wateja kuwa mdogo wake ana diploma, kisha ananituma nikanunue vocha.

Basi, niliiweka diski yetu. Mwanzo ulikuwa sawa. Nikaenda katikati, mahali ninapopajua hata nikiwa nimefumba macho. Watoto wa mtaa wanashindana kwa baiskeli, kelele zimejaa, kaka yangu akiwa na meno mawili pungufu anashika nafasi ya kwanza na kuanguka palepale kwenye mstari. Baada ya hapo huja Mama. Amekaa kwenye kizingiti, futi ya kushonea ikiwa shingoni, anamwigiza jirani yetu aliyenunua baiskeli mpya akawa anapiga kengele hata kwa kuku, mpaka siku alipoingia nayo mtaroni huku bado anapiga kengele.

Mama yangu ni kiziwi. Anazungumza kwa mikono, kwa nyusi, kwa mabega, na akimwigiza mtu, yule mtu anakuja na kukaa palepale. Baba aliyeshika kamera anamjibu kwa mkono mmoja ulio huru. Mkono wake unaingia pembeni mwa picha, na picha yenyewe inatetemeka kwa sababu anacheka kimoyomoyo. Wanaendelea hivyo kwa muda mrefu, na hakuna sauti hata ya mlango.

Sehemu ile haikuwapo. Kaka alianguka na baiskeli yake, na papo hapo ikaja keki, watu wanaimba. Katikati kulikuwa na kipande kifupi cha kufumba na kufumbua: Mama kinywa wazi, anacheka kwa ile sauti yake nene. Kicheko kilibaki, alichokicheka hakikubaki.

Nilirudisha nyuma. Nikapeleka mbele. Nikaanza upya, safari hii sikuruka mahali. Mama anamfundisha dada mkubwa kutunga uzi kwenye sindano: hayupo. Mama anagombana na Baba juu ya mahali pa kuweka kabati, mikono inakatana hewani kama panga, kisha wote wanaishiwa nguvu kwa kucheka: hawapo. Mama akiwa mjamzito, tumbo hilo ni mimi, ananieleza kwa kamera nitakavyokuwa: hayupo. Palipobaki Mama ni pale tu ambapo watu wengine walikuwa wanapiga kelele. Anapita nyuma na sinia. Anainama kuokota vikombe. Anaonekana bega, anaonekana kisogo, anatoka. Mtu asiyetujua angedhani ni mwanamke aliyeajiriwa kusaidia kazi siku za sherehe.

Nilielewa kilichotokea.

Kanda ya video haina haraka. Yenye urefu wa saa moja huingia kwenye kompyuta kwa saa moja, upende usipende. Lakini ikishaingia inabaki kazi ya pili, ya kompyuta kuibana picha ili ienee kwenye diski, na hapo ndipo mashine yetu huhema kama mgonjwa wa pumu. Kaka alikuwa anahangaika kupafupisha hapo siku nyingi. Alipunguza ubora wa picha. Akaongeza kumbukumbu ya kompyuta. Mwisho akapata programu inayosikiliza sauti kwanza, na popote isiposikia kitu kwa sekunde kadhaa, inakata na kuunganisha. Video ikiwa fupi, kazi ya kuibana nayo inakuwa fupi. Kwa semina na hotuba ilifaa kweli: mzungumzaji akinyamaza kunywa maji, maji yanaondoka naye. Kuiwasha ni kuweka tiki moja tu kwenye kisanduku.

Kaka aliingia simu ikiwa sikioni, funguo mkononi, mkate mdomoni.

"Umefungua?" aliuliza bila kuitoa simu.

"Bado. Kaka, hii diski yetu inaruka."

Akamaliza na simu yake kwanza. "Inaruka wapi?"

"Katikati. Na mwanzoni. Kuna sehemu hazimo."

"Aa, hizo ni zile zisizo na sauti. Niliweka tiki ikanyofoa ukimya wote. Kazi ambayo wewe ungeilalia wiki nzima, mimi nimeimaliza jana jua bado linawaka. Sema asante."

"Mama hayumo."

"Hayumo vipi?" Alikuja nyuma ya kaunta, akanisogeza kwa kiuno, akabonyeza mbele. Picha zikakimbia. Akazisimamisha kwenye keki. "Huyu nani? Si huyu hapa?"

Kidole chake kilikuwa juu ya kisogo cha Mama.

"Huyo ni..." nilianza.

"Huyo ni Mama. Na huyu hapa tena na sinia. Kitinda, usinitie wazimu asubuhi yote hii. Jana nimeitazama na wanangu, mwanzo mpaka mwisho, tumecheka mpaka mbavu zikauma. Mke wangu kaniambia nimefanya jambo la maana kuliko yote tangu nimuoe. Wewe unaleta za chuo."

Nina ugonjwa wangu mmoja: nikikasirika sana, ninachotaka kusema kinapanda mpaka kooni, kinageuka njia, na kinachotoka ni kitu kingine kabisa. Kilichotoka asubuhi ile kilikuwa hiki: "Ubora nao umeshuka. Nyuso zimekatika vipande kama vigae."

"Ukutani havionekani."

"Ukutani ndiyo vitaonekana zaidi. Naomba niingize kanda upya. Mafaili ya mwanzo yapo?"

"Nimeyafuta. Unajua yanakula nafasi kiasi gani? Na kanda nimezirudisha nyumbani." Akameza kipande cha mwisho cha mkate. "Na deki ina kazi. Mahafali ya ile shule, mwalimu mkuu anayataka kesho asubuhi, nimempa neno langu. Hebu fungua mlango, watu wanadhani tumefilisika."

Nilifungua mlango. Nikaweka kanda ya mahafali kwenye deki kama nilivyoambiwa, nikasimama pale natazama wanafunzi wa watu wakipokea vyeti mmoja baada ya mwingine, na nilikuwa nimeuma ndani ya shavu mpaka nikaonja damu. Kaka akawa anapiga mluzi. Anapenda kupiga mluzi akiwa kazini. Sikuwahi kuuchukia mluzi wa mtu kama nilivyouchukia ule.

Alipotoka kwenda kuangalia projekta ya kukodi, nilimwomba muuza vocha wa mlango wa pili anitazamie duka, nikaenda nyumbani.

Nyumbani kulikuwa na viti kila mahali, na shangazi yangu, dada yake Baba, amekalia kimoja na kuweka miguu kwenye kingine. Mama alikuwa kwenye cherehani yake anashona shati la Baba la kesho. Hushona huku kiganja cha kushoto kimelala juu ya meza. Mtetemo wa meza humwambia kama sindano imechoka. Nilikanyaga sakafu kwa nguvu mara moja, kama tunavyofanya sote tukiingia, akageuka na uso wote ukafunguka.

"Mbona mapema?" akauliza. Naandika "akauliza" kwa sababu aliuliza. Mikono yake ina kila kitu ambacho mdomo unacho.

"Nimefuata kanda," nikamjibu.

Shangazi akaingilia kwa mdomo, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya barabara. "Kaka yako jana kaniletea diski yangu. Nimeitazama leo asubuhi hata uso sijanawa. Mtoto yule ana akili. Zile kanda zilikuwa za kulaza watu, unakumbuka? Kaka yangu na kamera yake, anaweza kukurekodia ukuta. Sasa hivi ni raha mtindo mmoja, hakuna pa kusinzia."

"Mama umemwona humo, shangazi?"

"Yumo, mbona. Anagawa gawa vitu."

Mama alikuwa anatazama mdomo wa shangazi, kisha wangu, kisha wa shangazi. "Mnasema nini?"

Shangazi akampungia mkono kwa upole, ule mkono wa ngoja-ngoja ambao nimeuona maisha yangu yote, kwenye kila meza ya chakula, kwenye kila kikao. "Mwambie baadaye, mwanangu. Ni maneno ya diski tu."

Mama akasubiri kidogo. Kisha akanigeukia mimi. "Picha zimetoka?"

"Zimetoka. Si nzuri sana. Nataka kuzirekebisha."

"Ya baiskeli ipo?"

Nikainama kuokota kipande cha uzi sakafuni.

"Wajukuu wananijua na miwani na mgongo unaouma," Mama akasema. "Hawajawahi kuniona nikimwigiza yule bwana na kengele yake. Kaka yako kaniambia nitakaa kiti cha mbele kabisa. Nimeshapiga pasi gauni." Akaninyooshea kidole cha onyo la utani. "Wakinicheka kesho, wacheke vizuri."

"Ipo," nikamwambia.

Niliingia chumbani nikalivuta sanduku la Baba kutoka chini ya kitanda. Nilikuwa na hasira mpaka zipu ilinishinda, nikaivuta ikang'oka meno. Baba mwenyewe alikuwa nje anabishana na watu wa turubai. Nilichagua kanda zile ambazo najua Mama yumo kwa wingi, si zote, nikazitia kwenye mkoba. Nilipopita sebuleni Mama aliacha kushona akanitazama. Hakuuliza kitu. Watu husema kiziwi hasikii, lakini jaribu kupita mbele ya mama yangu ukiwa na jambo.

Dukani kaka alikuwa bado hajarudi. Nilisimamisha mahafali katikati ya hotuba ya mgeni rasmi, nikaitoa kanda, nikaweka yetu. Sijawahi kufanya jambo kama hilo. Kisha picha ikatulia kwenye skrini, yenye chengachenga za kanda ya zamani, na Mama akatokea kwenye kizingiti na futi shingoni, kijana kuliko mimi nilivyo sasa, akainua mikono yote miwili kushika usukani wa baiskeli isiyokuwapo. Nikavuta kiti nikakaa. Nilitamani nicheke, sikuweza.

"Kitu gani hiki?"

Kaka alikuwa mlangoni na begi la projekta.

"Naiingiza upya. Nimeshapiga hesabu, kanda chache tu zinatosha. Nikianza sasa hivi, kesho mchana diski moja ya kuonyesha itakuwa tayari. Nyingine zitafuata wiki ijayo."

"Na mwalimu mkuu?"

"Atasubiri."

"Atasubiri." Aliliweka begi chini polepole, jambo ambalo si kawaida yake. "Unajua wewe umekuwa mtu wa ajabu. Duka ni langu, mteja ni wangu, deki ni yangu, wewe unasema atasubiri."

"Mama ataitazama kesho."

"Mama ataitazama, ataona watoto wake, ataona wajukuu wake wanafurahi, atafurahi. Unafikiri anahesabu yeye ametokea mara ngapi? Mama si mtu wa namna hiyo."

"Ameniuliza ya baiskeli."

Hapo nikadhani nimempata. Akasogea kwenye skrini, akamtazama Mama aliyekuwa anapiga kengele kwa kidole gumba, akilikemea kundi la kuku.

"Sawa," alisema. "Tuseme tumeirudisha. Watu wamejaa pale, wafanyakazi wenzake Baba, mabosi wake wa idara, majirani. Unawawekea dakika zote hizi za mikono. Nani ataelewa? Wataanza kuzungumza wao kwa wao. Wataanza kutoa simu. Ndiyo utakuwa umemfurahisha Mama? Bora hivi ilivyo. Kusema kweli programu imetusaidia."

Akanyoosha mkono, akabonyeza, kanda ikajitokeza nje kama ulimi. Akaichomoa, akaiweka kwenye kiganja changu na kukifunga kwa vidole vyake, kwa upole kabisa, kama mtu anayempa mtoto peremende ili aache kulia. Asubuhi ilikuwa bahati mbaya. Sasa alikuwa ameiona, amepima, na amechagua.

"Chakavu hizi," akasema. "Zitunze."

"Rudisha kiti chako," nikamwambia, kwa sababu kiti kilikuwa njiani. Ndicho kilichotoka. Nilikuwa nimefura mpaka naona ukungu, na nilichopata kusema kilikuwa juu ya kiti.

Sakafu ikatikisika. Mtu alikuwa amekanyaga kwa nguvu mlangoni.

Mama alikuwa amesimama na mfuko wenye shati la Baba, uzi bado umemganda kwenye gauni. Huwa haji dukani siku za kazi. Alinitazama mimi, akamtazama kaka, akaitazama kanda mkononi mwangu.

"Kuna nini?"

Kaka akatabasamu lile tabasamu la wateja. Mikono yake ilitafuta maneno: "Hakuna. Kazi. Wewe, nyumbani, pumzika. Mimi, baadaye, kusema."

"Baadaye lini?" Mama akauliza. Akavuta kile kiti kilichokuwa njiani, akakaa, mfuko mapajani. "Niwekee hiyo diski."

"Kesho, Mama. Kesho ndiyo siku yake."

"Niwekee sasa."

Kaka alinitazama nimsaidie. Nimekuwa mtafsiri wa nyumba ile tangu nikiwa sifiki kwenye meza, na wote wawili wananitegemea nipunguze makali: Mama akisema "mpumbavu", mimi husema "amechukia kidogo". Safari hii niliinama chini ya kaunta, nikaweka diski.

Tulisimama nyuma yake. Mbio za baiskeli, keki, watu kwenye geti, mvua, shangazi akicheza na ufagio. Mama alitazama bila kujitikisa. Alipotokea na sinia, alisogea mbele kidogo. Alipotokea kinywa wazi akicheka na kutoweka, alinyanyua mkono kama mtu aliyeitwa, akaushusha. Kaka alibonyeza mbele mara moja ili imalizike upesi. Mama akampiga mkono bila kumtazama. Wateja wawili waliingia, wakaona sura zetu, wakatoka.

Ilipoisha Mama aligeuka na kiti chake.

Sikuwahi kumwona vile. Wengi wanamjua kwa vichekesho vyake. Wanadhani mtu anayechekesha hana pa kuwekea hasira. Mikono yake ilianza polepole, kisha ikashika kasi, ikawa inapasua hewa, ikigonga kifua, ikigonga kiganja, na pumzi ilikuwa inamtoka kwa sauti ambazo yeye hazisikii.

"Taratibu, Mama, taratibu," kaka akasema kwa mdomo, akiwa amesahau. Akanigeukia. "Anasema nini? Sishiki. Kitinda, anasema nini?"

Nilimwambia. Sikupunguza hata neno moja.

"Anasema humu ndani kuna mwanamke anayebeba sinia, anamjua. Anauliza mwenye mikono umempeleka wapi."

"Mwambie ni programu, ilidhani..."

"Hajamaliza. Anasema ulipokuwa mtoto ukiumwa alikuwa analala na kiganja juu ya kifua chako, kwa sababu asingekusikia ukikohoa. Anasema alikuwa anakusoma pumzi kwa mkono. Anauliza kama huo nao ni ukimya wa kukatwa."

Kaka alifuta uso kwa kiganja.

"Anasema ulijifunza mikono yake mpaka ukashiba, ukaacha. Chakula, nguo, ada, viatu, hayo unayajua. Anasema hujawahi kumuuliza kwa mikono yako jambo ambalo si la kuomba. Anasema watu wote wa nyumba ile wanamwambia baadaye, baadaye, na amechoka kuingoja hiyo baadaye. Anasema kesho hatakaa kiti cha mbele kumtazama mtumishi. Ukiionyesha hiyo, atakaa jikoni, nawe utawaeleza wageni mwenyewe."

Mama alikuwa amemaliza. Mikono ilikuwa juu ya mfuko wa shati. Kaka alisimama akitazama sakafu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na pa kukimbilia. Akaichukua simu, akaiweka. Akaenda kwenye deki, akakisogeza kisanduku cha kanda za mahafali mpaka kwenye ukingo wa meza.

"Basi," alisema. "Chukua deki. Weka zote, weka na mikono, weka na ukimya wake, hata ukeshe mpaka kesho mchana. Mwalimu mkuu nitajua nimwambie nini. Nimekubali, sawa?" Sauti yake ikapanda. "Lakini wewe, Kitinda. Mama namwelewa. Wewe tangu asubuhi unanitazama kama nimeua mtu. Picha inaruka, sijui vigae, sijui kiti. Hasira yote hii ya nini, kwa sababu ya tiki moja? Programu ndiyo iliyomkata. Si mimi."

Kile kitu kilipanda tena mpaka kooni. Nikasikia kikitaka kugeuka njia. Nikaiweka kanda mezani ili mikono yangu yote miwili iwe huru, nikasimama mahali ambapo Mama angeniona na kaka angenisikia, nikasema kwa mdomo na kwa mikono kwa pamoja.

"Programu haimjui Mama. Haijawahi kulala kifuani kwake. Wewe uliitazama yote, kaka. Ulikaa na wanao ukaitazama mwanzo mpaka mwisho, mkacheka mpaka mbavu zikauma, na wewe hukuona kwamba Mama hayumo."